Kidole Kilichokataa Kasiksi

Nimelala katika miji mingi, na kila mji nimeuacha nikiukumbuka. Lakini kinywaji ninachokikumbuka kuliko vyote ni cha Goma: kasiksi, pombe ya ndizi, aliyoitengeneza baba mkwe wangu. Ndizi aliziivisha shimoni, akazikamua, akatia unga wa mtama uliokaangwa. Jumapili baada ya misa tuliuzunguka mtungi wake, kila mtu na mrija wake. Mwenye nyumba alionja wa kwanza ili wote waone kwamba hamna sumu. Akishaonja, kukataa mrija ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mlozi, mchawi anayeua kwa sumu.

Ilikuwa miaka ya elfu moja mia tisa hamsini na kitu, nami nilikuwa nimepita umri wa miaka arobaini. Nilinunua samaki wa chumvi Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na kuwauza Goma. Malori yalikuwapo, lakini mimi nilipenda kushuka njiani na kutembea vijiji vitatu, vinne, bila sababu ya maana. Bila miguu nisingekuwa mimi.

Ndipo kidole gumba cha mguu wa kulia kikaanza kuvimba. Kiliwaka hata shuka haikuweza kukigusa. Nililaumu yale mawe meusi ya volkeno tunayoyakanyaga mjini. Nikanunua viatu vipana.

Mke wangu alicheka. "Hiyo mawe ya Goma inakuluma Jumatatu tu? Siku zingine inapumzika?"

Nilikasirika, kwa sababu nilishaanza kuelewa.

Mvua ikakata barabara, nikakaa Vitshumbi karibu mwezi mzima bila tone la kasiksi. Kidole kilinyamaza. Nilitembea ufukweni asubuhi hadi mchana, nikiimba peke yangu. Nikarudi Goma, nikanywa Jumapili, na Jumatatu nikatambaa kwenda chooni. Hapo nikaacha kubishana na mwili wangu.

Wiki ile ilipoisha, kidole kilikuwa hakijapoa. Baba mkwe alionja, akanipa mrija. Niliushika bila kuutia mdomoni.

"Papa, leo sitakunywa. Na sitakunywa tena."

Jirani mmoja aliyependa uchokozi akasema, "Eeh, muzee! Mukwe wako ameona kitu ndani ya mutungi."

"Mimi niko mulozi?" baba mkwe aliniuliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilikupa mutoto yangu. Nitakupa na sumu?"

Niliona nyumba ile ikinifungia mlango. Kumnyooshea baba mkwe mguu si adabu, lakini sikuwa na ushahidi mwingine. Nilivua kiatu na soksi, nikauweka mguu wazi mbele yake, nikamweleza habari za Jumatatu na za Vitshumbi.

Aliinama, akakitazama kidole, kisha akakibonyeza kwa nguvu.

Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Mama mkwe alitoka jikoni mbio. Jirani yule alicheka hadi akamwaga machozi.

"Huyu hadanganyi," alisema baba mkwe. "Mutu anaweza kudanganya kwa mudomo. Kwa kidole, hapana." Kisha akauchukua mrija wangu, akautia mtungini kando ya wake. "Sehemu ya mukwe wangu nitaikunywa mimi. Mutu asimuulize tena."

Tangu siku ile, kila nilipokuwa Goma, alikunywa kwa mirija miwili, nami niliketi pale pale ubavuni mwake, nikila ndizi za kuchoma na kubishana na wenzangu kama zamani. Sikudai nafasi hiyo. Alinilindia.

Harufu ya kasiksi bado hunisumbua, sitasema uongo. Siku nyingine mate hunijaa. Lakini mwezi mmoja baada ya Jumapili ile ya mrija nilishuka kwenye lori katika kijiji cha Kalengera, nikakaza kamba za viatu, na nikatembea hadi jua likawa kali, nikimshukuru yule mzee kwa kila hatua isiyouma.