Koti la Nchi Saba

Wayua alijifunza ulimwengu kwa chaki ya fundi. Alianza na daftari kama watu wengine, lakini daftari haliwezi kusomwa na mtu ambaye mikono yake iko kwenye kitambaa na miguu kwenye cherehani. Siku moja, akipima suruali ya mteja, akaandika kwenye upande wake wa ndani: UMOJA WA AFRIKA – ADISI ABABA. Akaitundika ukutani, akaendelea kushona, na kila alipoinua macho Adisi Ababa ilikuwa pale ikimtazama. Kufikia jioni alikuwa ameijua kama jina la mamake.

Tangu siku hiyo, kila nguo iliyosubiri mwenyewe katika kibanda chake cha Mumbuni, kando ya mji wa Machakos, ilibeba kipande cha dunia. Ndani ya joho la kwaya mlikuwa na Umoja wa Mataifa. Sketi ya mwalimu Winfred ilibeba baraza la mawaziri, nayo ilikuwa sketi ya taabu, maana mawaziri walipohamishwa ilibidi ikung'utwe na kuandikwa upya. Gauni moja la harusi lilikuwa na nchi za Afrika Magharibi kwenye pindo. Tatu kati yake zilipojitoa katika jumuiya yao, Wayua alizifuta kwa kitambaa chenye maji, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto machozi. Bibi harusi hakujua lolote. Aliolewa na nchi kumi na mbili.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya kazi moja: karani wa utawala katika ofisi ya serikali pale mjini. Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Wayua angetimiza thelathini na sita mwezi wa tisa. Stashahada yake ya utawala, aliyoisomea jioni kwa miaka mitatu, ilikuwa imekaa ndani ya bahasha miaka minane ikisubiri kuitwa. Mara hii ikipita, haingeitwa tena.

Mwalimu wake alikuwa Ndunda, fundi viatu wa kibanda cha pili. Ndunda alikuwa ameenda usaili wa namna hiyo mara nne na kukataliwa mara nne, na kwa sababu hiyo alijiona mtaalamu.

"Chifu!" alikuwa akimwita Wayua kwa utani kupitia ukuta wa mabati, nyundo ikilia. "Makao makuu ya IGAD?"

"Jibuti!"

"Sema vizuri. Nzimbuti."

"Ndunda, ni wewe unasema vibaya. Labda hiyo ndiyo walikukatalia."

"Walinikatalia kwa sababu nilijua mingi. Watu wa paneli hawapendi mtu anawashinda. Jumuiya ya Afrika Mashariki, nchi ngapi?"

"Saba!"

"Sawa kabisa. Hiyo ukiulizwa usipepese macho."

Saba ilitoka kwenye kijitabu cha maswali na majibu ambacho Ndunda alimwazima, fotokopi ya fotokopi, herufi zake zimefifia kama nyota za alfajiri. Wayua aliinakili kwenye bitana mpya ya koti, kitambaa cha ndani cha rangi ya buluu nzito alichokuwa ametoka kukishona. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka: AFRIKA MASHARIKI – NCHI 7. Chini yake: IGAD – JIBUTI. Koti lenyewe lililetwa na mama mmoja mwenye heshima zake aitwaye Loise.

"Ni la mzee wangu," Loise alikuwa amesema. "Hiyo ya ndani itengeneze vizuri kuliko ya nje. Yeye akiketi mahali hulivua koti akaligeuza, ya ndani ikuwe nje, ndiyo lisishike vumbi. Watu wanajua bitana yake kuliko uso wake."

Walikubaliana alichukue Jumanne.

Jumamosi Wayua alishuka mjini kununua nyuzi kwa Msomali mmoja muuza vitambaa karibu na soko. Alipokuwa akichagua rangi, midomo yake ilikuwa ikihesabu yenyewe: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo.

"Mama, unahesabu nini?"

"Nchi za Jumuiya. Niko na intavyu. Ziko saba."

Yule bwana akaweka mkasi chini. "Na sisi?"

"Ninyi nani?"

"Somalia! Tumeingia. Tumeshaketi. Wewe unakuja kununua uzi kwangu na umeniacha nje ya mlango?"

Wayua aliona haya hadi masikioni. Akaomba radhi kwa niaba ya kijitabu, akarudi Mumbuni mbio ili akafute saba aandike nane. Alipofika, msumari alipolitundika koti ulikuwa mtupu.

"Mama wa koti amekuja," Ndunda akamwambia. "Amesema mzee amelihitaji mapema. Nimelikunja nikamfungia kwa gazeti. Mbona unashika kichwa?"

"Limeenda na chaki! Tena limeenda na makosa!"

"Wewe nawe. Nani husoma bitana?"

Namba ya simu ya Loise hakuwa nayo. Jumapili yote alimfikiria mzee wa watu, asiyemjua hata kwa jina, akitembea Machakos na hesabu mbaya mgongoni.

Usaili ulikuwa Jumatano. Wayua alivaa suti ya kijivu aliyojishonea, ndani yake safi, hakuna hata herufi. Waombaji kumi walitangulia, na kila aliyetoka alitoka anatabasamu.

"Ni rahisi," mmoja akawanong'onezea. "Angalia tu mbele."

Wayua hakuelewa mpaka alipoingia.

Wasaili walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, migongo yao kwenye ukuta. Katikati aliketi mwenyekiti, Mzee Bartholomew, mwanamume mpana mwenye shati jeupe. Kulia kwake alikuwa Bi. Kavutha, miwani kwenye ncha ya pua. Kushoto, kijana aliyeandika alama bila kuinua kichwa. Na nyuma ya mwenyekiti, juu kidogo ya kichwa chake, kwenye msumari, lilitundikwa koti lililogeuzwa ndani nje. Bitana ya buluu. Chaki nyeupe. Mwandiko wa Wayua, mkubwa kama wa bango la mkutano.

AFRIKA MASHARIKI – NCHI 7. IGAD – JIBUTI.

Akakalia kiti kabla hajaambiwa.

"Karibu, mwaitu," alisema Mzee Bartholomew, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani, kwa upole na heshima. "Usiogope. Tuanze na rahisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko na nchi ngapi wanachama?"

"Nane."

Kijana wa alama akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bi. Kavutha akavua miwani.

"Wewe ndiye wa kwanza," akasema. "Kumi wote wamesema saba. Na si kusema tu, wanasema kama wamekula kiapo."

"Tena wananiangalia juu ya kichwa," akaongeza mwenyekiti. "Nimedhani ni adabu ya siku hizi, kutomtazama mkubwa machoni."

Wayua akashusha macho mezani. Moyo wake ulimwambia: tulia hivyo hivyo. Wote wamekosa, wewe umepata, mwezi wa tisa uko karibu. Hakuna aliyekulazimisha kusema. Ukimya ule ulikuwa mtamu kama embe la kwanza la msimu, na kama embe hilo ulikuwa na nyuzi zilizobaki katikati ya meno.

"Swali la pili. Makao makuu ya IGAD?"

Na hapo, jina alilolipigia kelele kupitia ukuta wa mabati mara mia moja likaondoka kichwani kama kuku aliyeona lango wazi. Alijua ni mahali pa mbali, ng'ambo ya Ethiopia. Alijua pana bandari. Jina lenyewe lilikuwa pale mbele yake, mwandiko wake mwenyewe, herufi sita. Alichohitaji ni kuinua macho kiasi cha shubiri moja.

Wayua akafumba macho.

Wasaili wakasubiri.

"Mwaitu," Mzee Bartholomew akauliza taratibu, "unaomba?"

"Hapana, mzee. Nakataa kusoma."

"Kusoma nini?"

"Koti lako."

Viti vikalia. Aliposikia Bi. Kavutha akisema "Aai!" alifumbua macho, akawakuta wote watatu wamesimama wakiuangalia ukuta, kama watu walioonyeshwa nyoka.

"Nani ameniandika?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi. Mimi ndiye fundi wako. Sikujua ni lako, na mama Loise alilichukua kabla sijafuta. Hao wengine hawakuiba, waliona tu. Na ile saba ni makosa yangu, si yao."

Mzee Bartholomew alilishusha koti, akalisoma mara mbili, kidole kikifuata herufi. "Jumapili nimeketi kiti cha mbele kanisani," akasema polepole. "Nimeliweka hivi kwa mgongo wa kiti. Nimesikia watu nyuma wakinong'ona, nikajua wameguswa na mahubiri."

Bi. Kavutha alijaribu kukohoa ili asicheke, akashindwa, akaegemea meza. Kijana wa alama alicheka hadi kalamu ikaanguka. Mwenyekiti peke yake alibaki na uso wa kazi, ingawa mabega yake hayakutii.

"Basi," akasema alipoketi. "Maswali hayo mawili tunayafuta kwa kila mtu. Na ile nane yako, mwaitu, inafutika pia."

"Ndiyo, mzee," akasema Wayua.

"Tumuulize ambalo halijaandikwa kwa nguo yoyote," akasema Bi. Kavutha, akirudisha miwani. "Umepata kazi. Nyanya mmoja ametoka Kithyoko asubuhi, hajasoma, amekuja kwa dirisha lako. Anakuuliza: hii Jumuiya inayosemwa kwa redio ni nini? Mjibu."

Wayua akafikiria nyumbani kwao Muthetheni, mteremko mwekundu, wanawake wamepanga mstari na majembe.

"Ningemwambia, mwaitu, ni mwethya wa nchi. Leo tunakuja kuchimba matuta kwa shamba lako, kesho tunaenda kwa langu. Kila mtu anatakiwa aje na jembe. Lakini wewe unajua mwethya. Kuna mmoja anakuja na mdomo. Kuna mwingine anafika wakati sufuria inaepuliwa. Na kuna wawili hawasemezani kwa sababu ya mpaka, lazima uwaweke ncha mbili za mstari. Unaweza kusema, heri nichimbe peke yangu. Lakini maji ya mvua hayaulizi shamba ni la nani. Tuta la jirani likivunjika, mchanga wako unaenda."

Kijana wa alama alikuwa ameacha kuandika.

"Na nyanya akikuuliza," akasema Mzee Bartholomew, akiinamia meza, "ni nchi gani hiyo inakuja na mdomo?"

"Nitamwambia, mwaitu, mimi ni mtumishi wa umma. Hiyo siwezi kujibu. Karibu chai."

Walimwita kwa simu baada ya wiki mbili. Aripoti Jumatatu. Ndunda alipiga nyundo kwenye mabati hadi majirani wakatoka, akiwatangazia kwamba ni yeye aliyemfundisha.

"Ulinifundisha saba," Wayua akamwambia.

"Nilikuwa nakupima."

Ijumaa, Wayua akimalizia nguo za mwisho za wateja, Loise aliingia na lile koti la bitana ya buluu limekunjwa kifuani.

"Mzee amesema usilifue," akasema kwa sauti ya chini. "Ile saba ifanye nane, halafu uongeze Umoja wa Mataifa na mawaziri wote. Naye ameitwa intavyu ya kupandishwa cheo, mwezi ujao, Nairobi."

"Na huko atalitundika wapi, na yeye ndiye ataulizwa?"

"Ameshapanga. Ataliweka kwa magoti."

Wayua alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya utepe wa kupimia. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akaitandaza bitana mezani, akafuta yote: saba, Jibuti, kila kitu, mpaka buluu ikabaki tupu kama anga baada ya mvua. Akakunja koti, na mfukoni akatia kipande kipya cha chaki.

"Mwambie aandike mwenyewe, afute mwenyewe, aandike tena. Siku ya kwenda aende na bitana safi. Mimi ndivyo nilivyoshika."

Loise akapapasa mfuko, akatikisa kichwa. Mlangoni akageuka.

"Lakini hiyo nane ni kweli? Asije akaaibika."

"Nimesikiliza redio asubuhi hii," akasema Wayua. "Kufikia saa nne walikuwa nane. Mwambie asikilize tena kabla hajatoka nyumbani."