Niliulizwa habari Ibra, nikajibu ukweli mbele ya shangazi

Wakuu, salaam nyingi. Shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa, maana najua humu ndani wengi wenu ni wajukuu zangu.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayefundisha Uarabuni, mkataba unakwisha, hajui arudi au abaki, nanyi mkamshauri kurasa nne nzima. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi nilishauriwa na mji mzima, tena bila kuomba.

Haya ninayoyaandika yalinikuta mwenyewe. Sitii chumvi, ilikuwemo tangu mwanzo.

Mimi ni wa Tabora. Babu Mmanga, bibi Mnyamwezi, duka la kanga, basi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na miaka ishirini na tatu na cheti changu cha ualimu, baba akanipeleka Oman kwa dada yake, shangazi Zuwena. Alikuwa mjane, hana mtoto, anakaa Ibra. Nikapata kazi ya kufundisha Kiingereza shule ya wasichana.

Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani. Msahafu nasoma vizuri, lakini kuomba nyanya dukani sijui. Wanafunzi walinicheka mwaka mzima, huku wananiita "Abla", yaani mwalimu, kwa heshima zote.

Shangazi alikuwa anadarizi kofia. Kofia zake zilivaliwa mpaka Nizwa, na mtu akisema za Nizwa ni nzuri zaidi, hapati kahawa siku hiyo. Mwaka ule alikuwa ameanza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Tena nilikuwa nanuna, Mungu anisamehe.

Sasa sikieni kuhusu kahawa.

Kila siku baada ya Alasiri kina mama wa mtaani walikuja kwa shangazi. Nusu yao wametoka Unguja zamani, Kiswahili chao kitamu unatamani ukile. Nusu wengine ni wa hapo hapo, Kiarabu tu. Mnasalimiana, mnakula tende na halwa, kisha mkubwa wao anauliza: "Ulum?" Yaani, kuna habari?

Jibu ni moja: "Ma shay." Hakuna.

Umemwoza binti jana? Ma shay. Ukuta wa jikoni umeanguka, wote wameukanyaga wakiingia? Ma shay. Anauliza mara ya pili, hakuna vilevile. Mara ya tatu, vikombe vimeshazunguka, ndipo mtu anavuta pumzi anasema, "Ila..." Hapo ndipo mambo yote yanamwagika.

Mimi msomi nikaona huu ni upuuzi mtupu. Kwetu Tabora mtu akikuuliza habari unasema nzuri, halafu ndio unamweleza kwamba baba amelazwa. Wala sikuona kwamba ni yale yale!

Basi wiki moja yakanifikia mambo mawili.

La kwanza ni posa. Khalfan wa Samail, jamaa yetu wa mbali, muuza matairi, ana pikapu mpya ambayo viti vyake bado vina nailoni. Shangazi alifurahi mpaka akaanza kuimba jikoni.

La pili ni barua kutoka wizarani: nimechaguliwa kwenda kusoma Uingereza miaka miwili, nikirudi niwe inspekta wa shule. Nijibu ndani ya siku kumi. Barua hiyo nikaificha ndani ya foronya. Nilitaka kwenda, wakuu, nilitaka sana. Lakini nikimwangalia shangazi na kofia zake, nani atamtungia uzi? Nani atamsomea barua za Tabora?

Siku ya pili yake, kwenye kahawa, Bi Salma wa Unguja, mkubwa wa baraza, akanigeukia mimi. "Haya, Abla, ulum?"

Nikajibu.

Wallahi, nilijibu! Nikaeleza barua, nikaeleza Uingereza, nikaeleza Khalfan na matairi yake, nikamalizia kwamba shangazi bado hajui.

Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu.

Aliyekuwa anamimina kahawa alisimama na dele mkononi. Bi Salma akashika kifua. "Subhanallah! Huyu mtoto kajibu!"

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa mali ya umma. Mmoja akasema niolewe kwanza ndio niende. Wa pili akasema niende kwanza ndio niolewe. Wa tatu akasema niolewe, niende, na mume nimchukue anibebee mwavuli, huko mvua nyingi. Mwalimu mkuu wetu, Mmisri, alisema nenda binti yangu, fursa haiji mara mbili, lakini usahihishe mitihani yote kabla. Wanafunzi wangu wakapiga kura darasani. Nilishindwa kwa kura moja, na mpaka leo sijui kushindwa huko kulimaanisha nibaki au niende.

Mama yake Khalfan akaja kutoka Samail na sinia la halwa. Habari zote alikuwa nazo, mpaka rangi ya bahasha. Akauliza, "Ulum?" Shangazi, uso mkavu kabisa, "Ma shay. Kwenu?" "Kwetu pia ma shay." Wakajibizana hivyo saa nzima, vikombe vitatu vitatu, wakaagana wameridhika. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeuma kanga nisicheke.

Lakini mimi shangazi hakunisemesha habari ile. Siku nane neno lake lilikuwa moja tu: "Nitungie." Natunga, namrudishia, anaendelea kudarizi. Bora angenipiga.

Siku ya tisa akaweka kofia chini.

"Ungebaki kwa ajili yangu?"

Nikasema ndiyo, shangazi.

"Basi mjinga wewe. Mimi nilipelekwa Kigoma kuolewa, jina la mume nikaambiwa njiani. Hakuna aliyeniuliza. Wewe umeulizwa na mji mzima, halafu unasema utabaki! Nenda. Nikiwa na shida nitakwambia."

Nililia, yeye akaniambia niache kelele, majirani watadhani kuna habari.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha maana ya ma shay. Wiki nzima ya mwisho baraza lilikuja, likauliza, na shangazi akajibu, "Hakuna. Mtoto yupo." Sanduku langu lilikuwa chumba cha pili, limefungwa kwa kamba. Wote waliliona wakienda kunawa. Lakini maadamu hakuna habari, hakuna cha kujadili. Hatimaye nikapumua.

Na mnajua nani alinipeleka uwanja wa ndege Maskati? Khalfan! Shangazi alimwambia kuna mzigo wa kupeleka mjini. Tukakaa watatu mbele, shangazi katikati, nailoni inalia chini yetu. Njia nzima mwanamume hakuuliza kitu. Tulipofika akashusha sanduku, akasema taratibu, "Ulum?"

"Ma shay," nikasema.

"Alhamdulillah," akasema. Muungwana yule. Baadaye alioa mwalimu wa hesabu wa Nizwa, na wana wajukuu tele.

Kabla sijaondoka nilikuwa nimetunga sindano zote za nyumbani, arobaini na kitu, kila rangi, nikazichomeka kwenye mto mdogo karibu na mkeka wake. Nikajiona mjanja.

Uingereza niliandika kila mwezi. "Habari za huko, shangazi?" Majibu aliandikiwa na binti wa jirani: "Huku hakuna jipya. Soma." Miaka miwili, maneno manne. Nami moyo wangu ukatulia, nikasoma.

Nikarudi. Nimeingia uani, yeye kakaa mahali pake. Nikasema, "Shikamoo, shangazi." Akageuza uso, lakini akaugeuzia mlango wa jikoni.

"Marahaba, mwanangu. Sogea nikushike."

Ule mto mdogo ulikuwa pale pale. Sindano arobaini na kitu, na nyuzi zangu zote, hakuna hata moja iliyotumika. Macho yalikuwa yamekwisha siku chache tu baada ya mimi kupanda ndege.

Nikapiga kelele. Kweli, nilimpigia kelele mzee wa watu. Shangazi, ulisema utaniambia! Kila barua nilikuuliza!

Akanipapasa uso mpaka akapata machozi.

"Uliuliza mara ngapi?"

Mara moja, wakuu. Kila barua, mara moja.

Uinspekta niliupata, nikazunguka mashule kuanzia Sur mpaka Wadi Bani Khalid, na kila jioni nikarudi Ibra kumsomea barua zake, miaka yote aliyobakiwa nayo. Kofia hakudarizi tena.

Kwa hiyo kijana wa ule uzi, kama unakwenda nenda, kama unabaki baki, mimi baraza la ushauri nimeshaliacha. Ila nyote mlio mbali, leo pigeni simu nyumbani. Watasema wazima. Ulizeni tena. Watasema wazima. Msikate, ulizeni ya tatu.

Kisha rudini hapa mtuandikie, mara ya tatu wamesema nini?