Adolphine wa Lweba na Fito za Baba Mkwe

Adolphine alizaliwa Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1941, katika nyumba ya wavuvi waliosali kwa sauti na kugombana kwa sauti zaidi. Hata serikali ilipokataza majina ya ubatizo, kanisani waliendelea kumwita hivyo. Aliolewa katika mji wa Baraka na Raphaël, mtu mwema ambaye kazi ilimweka Kalemie karibu mwaka mzima. Sauti kutoka mbinguni hakuisikia. Wito wake ulianguka kutoka juu ya mchikichi mwaka 1973, siku baba mkwe wake, mzee Isidore, mjane, alipoteleza akikata chikichi na kuvunjika nyonga.

Desturi ya pale ilikuwa wazi: mke hamgusi baba wa mume wake, hata mkono hampi. Basi mzee alilala mkekani akingoja mwanamume yeyote apite ampeleke chooni, na mara nyingi mwanamume huyo alichelewa. Adolphine, aliyefua mikeka hiyo, alichoka. Kwa kuwa hakuruhusiwa kumshika, aliamua kumtengenezea vitu vya kumshika. Alianza kwa kufunga kamba ya wavu kwenye boriti ili mzee ajivute aketi. "Unataka nijinyonge?" mzee aliuliza. Kisha akachonga kiti chenye tundu kwa mbao za mtumbwi uliooza. Hakuweza kumpima mzee, akajipima mwenyewe. Mzee alikwama. "Mukwe, hii tundu ulipimisha matako ya nani?" alipaza sauti, na mtaa wote ukasikia. Kikafuata kigari chenye gurudumu la burweti, yaani toroli, ambacho kilizama mchangani mlangoni pale pale. Kuna watakatifu waliovumilia kimya. Huyu hakuwa mmoja wao. Jirani yake Félicité aliikumbuka sala yake: "Mungu, mudomo ulimupatia ya batu kumi. Miguu ungemupatia hata nusu moja!" Akishamaliza kusali, alichukua nyundo tena.

Jaribu lake kubwa lilikuja Jumamosi moja ya mwaka 1975. Wanaume wote walikuwa wamepelekwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kufyeka barabara ya Fizi. Mvua ilinyesha. Mzee, akiwa amebanwa na haja na kuchoka kungoja, alipanda kigari peke yake, kikampindua mtaroni uani. Wanawake walikimbilia pale wakasimama kama nguzo, huku maji yakimfikia kidevu.

"Usiniguse!" mzee alifoka, akitema matope.

"Dada, ngoja banaume barudie," Félicité alisema.

"Barudie wakati gani? Ku kilio?" Adolphine alijibu. Kisha akainama. "Baba mukwe, kama desturi inaweza kukuinua, ikuje ikuinue. Kama inashindwa, nyamaza."

Akapitisha mikono makwapani mwake, akamvuta. Mzee alimkaba shingo kwa nguvu hata alama zikabaki.

Wazee wa ukoo, wakiongozwa na Albert, walidai kuku mweupe wa kuosha aibu. Mzee Isidore, ambaye hakuwahi kumtetea mkwe wake hata mara moja, aliwajibu: "Kuku nitatoa. Lakini tutamukula na mukwe yangu ku sahani moja. Bila yeye, mungekuwa munakula matanga yangu." Adolphine alikula huku akijipapasa shingo, na ghafla akajikasirikia. "Ile mikono iko na nguvu ya kuvuta wavu! Na mi niko natengenezea miguu, miguu ilishakufa! Ujinga gani huu?" Siku hiyo hiyo alimpima mzee kutoka kwapani hadi kisigino kwa kiganja chake mwenyewe, akasimika fito mbili sambamba juu ya vigingi kutoka mlangoni hadi chooni. Mzee alikwenda kwa mikono, akivuta miguu na kulalamika kwamba fito zina mafundo. Lakini alikwenda peke yake, akafunga mlango wa choo.

Alifanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 1982. Adolphine alimfuata miaka miwili baadaye, kwa homa. Wapo wanaosimulia kwamba kwa maombezi yake mzee alitupa fito akakimbia. Si kweli, nyonga haikupona kamwe. Kilicho kweli ni kwamba fito kama zile zilisimikwa Swima, Lweba na Baraka, na wagonjwa walizoea kuziita "mukwe": "Niache, nashika mukwe." Anayetaka kumheshimu Adolphine, na ana mgonjwa nyumbani, asianze na mshumaa. Anung'unike akitaka, Mungu amezoea. Lakini aende ampime mgonjwa wake, kwa mikono.