Kuufuata Wimbo wa Zima Taa hadi Durban

Sikio la kushoto la mama yangu lilifunga miaka kadhaa iliyopita. Mwaka huu la kulia nalo likaanza, na daktari akasema halitapona, litazidi kupungua tu. Mama hakulalamika. Alikuwa jikoni pale nyumbani Mbeya akimenya viazi, akaniambia, "Amba, kabla na hili halijafunga, nitafutie ule wimbo wa zima taa." Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu. Wanaonijua watasema miguu yangu haijawahi kuhitaji sababu, na sitabishana nao.

Nikiwa mdogo, baba alinunua redio kaseti kwa mtu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya. Ndani yake mlikuwa na kaseti iliyofutika maandishi. Redio ilikuwa ya Kijapani, kwa hiyo tukaamua kwamba na anayeimba ni Mjapani. Gitaa la besi lilitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, kinanda cha umeme kikimetameta juu yake. Mwanamke aliimba taratibu, na kwenye kiitikio alisema neno moja tulilolielewa: zima. Hapo mama, ambaye kazi hazikumpa nafasi ya kucheza na mtu, alinyoosha mkono akazima taa ya sebuleni. Tulicheka gizani mpaka kiitikio kiishe. Kisha siku moja redio iliitafuna ile kaseti na baba akaitupa.

Ukubwani niligundua kuwa Wajapani kweli walikuwa na muziki wa namna ile, siti popu, muziki wa mjini wa miaka ya themanini. Niliusikiliza kwa miaka mingi. Sauti ilikuwa ileile, wimbo haukuwemo. Halafu rafiki yangu Dieudo, Mkongomani wa Lubumbashi niliyewahi kufanya naye biashara ya simu Lusaka, ambaye sasa anatengeneza simu Durban, akanitumia salamu za sauti. Nyuma ya maneno yake, kwa kitambo cha pumzi moja, nikaisikia ile besi. Hata yeye hakukumbuka ni wimbo gani ulikuwa ukipigwa. Nikamwomba anitumie muziki wake wote wa Kijapani. Akautuma. Wimbo haukuwemo.

"Basi njoo usikilize mwenyewe, vieux," akasema, yaani mzee, kwa Kifaransa cha kwao. Nami nikaenda.

Tunduma nilivuka asubuhi yenye ukungu. Zambia ilipita dirishani, ndefu na ya kijani, na Lusaka nikashuka kunyoosha magoti. Baada ya Harare barabara ikanyooka hadi mpaka wa Afrika Kusini, ambako foleni ilinifundisha tena subira niliyodhani ninayo. Johannesburg nilibadilisha basi. Kutoka pale nchi inashuka kuelekea bahari, na ukikaribia Durban unaanza kuvua nguo moja moja: kwanza koti la Mbeya, kisha sweta.

Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, ndiko liliko duka la Dieudo, chini ya ghorofa, limebanwa kati ya saluni na duka la mikate.

"Eh, vieux, ulizeeka."

"Na wewe umenenepa."

"Si mimi, ni pap, ugali ya huku." Akanivutia kiti. "Sikia. Uliniomba ya Wajapani, nilikutumia ya Wajapani. Lakini hapa iko ya Brezili, iko ya Lebanoni, ya Poloni, ya Ukraine. Unafikiri Wajapani peke yao ndio walikuwa na barabara na mataa?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Siku zilizofuata alifungua simu za watu kwa bisibisi ndogo, mimi nikasikiliza. Wabrazili walipiga kana kwamba besi inacheka. Walebanoni walileta fidla nyingi, lakini chini yake besi ilikuwa inatembea vilevile, na viatu vyake vipya. Lugha sikuzielewa, ila niliona kitu kimoja: miji ile yote, mbali mbali hivyo, ilikuwa imeota ndoto moja ya gari, mvua kidogo na madirisha yenye taa. Masikio yakachoka. Kila wimbo ulianza kuwa ule wetu, kisha ukageuka kuwa mwingine.

"Hata neno moja haukumbuke?" Dieudo akaniuliza.

"Zima. Lakini hilo ni la kwetu, utani wa nyumbani."

"Ah. Basi haitusaidie."

Jumapili baada ya kanisa alinipeleka Bluff kupumzisha masikio. Kutoka kwenye kile kilima unaitazama bandari na majengo ya mjini ng'ambo ya maji, na nikahisi kwamba muziki ule ni wa mtu aliyesimama hivyo, mji uko mbele yake lakini si wake. Nikampigia mama.

"Mama, bado natafuta."

"Unasema?"

"Bado natafuta!"

"Umepata? Asante, baba. Basi njoo."

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu akasema nisipige kelele, watu watanishangaa. Nilipokata simu, Dieudo alitazama meli na hakunitania.

Westville tulikwenda kesho yake kwa gari la Dieudo, kumpelekea simu mteja aliyemwita Mama Goreth, Mrundi wa makamo anayeishi kwa binti yake kwenye mtaa wenye miti mingi na watu wachache barabarani. Alitutengea chai. Nikiwa nasubiri ipoe, nikajikuta nauimba puani ule wimbo.

"Weye mwana, nyimbo gani hiyo?"

Dieudo akacheka. "Mama, huyu alitoka Mbeya kufuata Mjapani mwenye kuimba 'zima'."

Mama Goreth akaweka kikombe chini. "Mjapani? Hebu imba tena, na hilo neno."

Nikaimba, huku nikiona aibu. Alisikiliza amefumba macho.

"Huyo hazimi kitu," akasema. "Mie nilisomea kilimo Kyiv, Ukraine. Zima ni majira yao ya baridi, ya theluji. Sie tuliotoka Bujumbura tulikuwa tunalala na makoti."

Dieudo akanigeukia polepole. "Eish, vieux. Siku zote ulikuwa na neno mfukoni, unaniambia ni ya kwenu."

Mama Goreth akaliandika kwa herufi za huko kwenye simu yake iliyotoka kutengenezwa, naye Dieudo akalitafuta kwenye fungu la Ukraine. Akagusa wimbo mmoja, akauacha. Akagusa wa pili. Besi ikaingia na viatu vyake vipya.

Ulikuwa ndio wenyewe. Mama Goreth alikuwa anatikisa bega moja tu, kama msichana anayecheza akijua anatazamwa.

"Anasema nini?" nikauliza ulipokwisha.

"Anasema baridi imeingia mjini, na mtu wake bado hajarudi."

Tukarudi mjini tukiupiga tena na tena. Kwenye robot nyekundu, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, Dieudo aligongagonga usukani, taa ikawa kijani na bado hakuondoka, mpaka wa nyuma akapiga honi.

Mbeya nilifika mwezi wa sita, jioni, ukungu ukiwa umeshalala juu ya mabati. Njiani nilikuwa nimejifunza jambo moja: ukitafuta kitu mbali, usidharau ulichotoka nacho nyumbani. Kile tulichokiita kosa la masikio yetu ndicho kilichokuwa anwani.

Mama alikuwa sebuleni. Nikakaa upande wake wa kulia, nikamwambia karibu na sikio kwamba mwimbaji si Mjapani, ni wa Ukraine, na zima ni baridi, na kwamba mtu wake alikuwa hajarudi.

Akafikiri. "Kumbe miaka yote tulikuwa tunamcheka mwenzetu gizani."

Nikamwekea spika ya sikioni, nikauanzisha wimbo. Akafumba macho. Kiitikio cha kwanza kikapita, hakusogea, nami nikaogopa kwamba nimechelewa. Cha pili kilipokuja akaivuta khanga mabegani.

"Kweli, baridi," akasema. Kisha, bila kufumbua macho, "Amba. Zima."

Nikainuka, nikazima taa.