Mistari Iliyomkimbia Flaviana

Pale mtaa wa Makole, aliyetaka kuazima kitabu alielekezwa kwa mama Edward, yaani Flaviana mshona nguo. Alisoma kama wengine wanavyotafuna karanga: riwaya za upelelezi, maisha ya watakatifu, hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Kisha daktari akamwambia neno.

"Ni presha ya macho, mama. Jicho la kushoto limeshaathirika. Kilichopotea hakirudi. Dawa italinda kilichobaki."

"Na ikishindwa?"

Daktari akapangapanga karatasi zake. "Usiruke dawa, mama."

Flaviana hakumwambia mumewe, Ignas. Alificha chupa ya matone kwenye kopo la vifungo, akaanza kusoma kwa pupa, kama mtu anayeanua nguo mvua imeshaanza kudondoka. Lakini vitabu navyo vilikuwa vimegeuka. Riwaya ya muuaji wa gesti, ambayo zamani ilimfanya akague komeo mara mbili, sasa haikumtisha hata kidogo. Muuaji yule alikuwa na sura, angeweza kukamatwa. Hadithi ya mjane mvumilivu ilimkera hadi akaifokea: "Si upige kelele, mama wee!" Kilichomliza ni kijitabu cha ufugaji wa kuku. Kilieleza wekundu wa kilemba cha jogoo mwenye afya, naye akajiuliza ataukumbuka wekundu huo mpaka lini. Mashairi, aliyoyachukia tangu shuleni, akaanza kuyakariri. Ya kichwani hayahitaji macho.

Jumamosi moja mchana alikuwa katikati ya kitabu cha historia, jeshi la mtemi linateremka mlimani, mara akakuta ukurasa una pengo jeupe.

"Baba Edward, hebu njoo. Hawa wachapaji wameruka maneno."

Ignas, fundi baiskeli, alifuta mikono akainama. "Wameruka wapi? Mbona ukurasa umejaa?"

"Hapa!"

"Hapo pana maneno, mama Edward."

Flaviana akamsukumia kitabu. "Nisomee," akasema.

Ignas, ambaye tangu amalize darasa la saba hakuwa amefungua kitabu zaidi ya Biblia, akasoma kwa kuungaunga: "Wa-ka-te-remka..." Hakufika mwisho wa sentensi. Mkewe alikuwa analia, na maneno ya daktari yakamtoka yote.

"Dawa unaweka?" Ignas aliuliza.

"Siku nyingine naogopa hata kuishika ile chupa."

Tangu hapo Ignas ndiye aliyemdondoshea matone, asubuhi na jioni, vidole vikinuka grisi. Tena bila kumuuliza akamleta Ruthu, binti wa muumini mwenzao kanisani, asiyeona tangu utotoni, aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ruthu akafungua kitabu kinene cha nukta nundu, akaupapasa mkono wa Flaviana ili auweke juu ya karatasi. Flaviana akauchomoa kama aliyegusa kaa la moto.

"Mimi bado naona! Nani kasema sioni?"

"Ndiyo maana nimekuja sasa, mama," Ruthu alisema taratibu. "Mimi nilianza gizani. Wewe anza na mwanga wako."

Siku hiyo hakugusa. Wiki iliyofuata aligusa, akahisi kama uwele uliomwagika mkekani, usio na maana yoyote. Aliogopa kwamba akijifunza atakuwa ameliita giza lije. Hata hivyo aliendelea, herufi kwa herufi, jasho likimtoka.

Jicho la kulia limeshikilia mpaka leo. Daktari anasema halijapoteza zaidi. Hofu haijaondoka. Kila asubuhi Flaviana hulifumbua polepole, akisita. Lakini mwezi uliopita alimaliza kwa vidole hadithi yake ya kwanza, ya fisi na mbuzi.

"Umeionaje, mama?" Ruthu akamuuliza.

"Mbaya. Fisi gani mjinga namna ile? Niletee nyingine."