Saba Nyuma ya Jengo

Kwenye karatasi, Bi Samaki alikuwa mfagiaji wa zahanati ya meno. Lakini kwa miaka kumi na moja ndiye aliyelitunza tangi la vioo la chumba cha kusubiria: samaki wa dhahabu saba, mkubwa wao ana kitambi cha mstaafu. Wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba waliwatazama wakasahau kidogo koleo linalowangoja. Shule aliiachia darasa la tano. Habari za mwani alifundishwa na tangi lenyewe. Zidisha mwanga, zidisha chakula, maji yatageuka mchicha.

Akaja meneja mpya, shahada mkononi, akili bado mpya, haijatolewa kwenye nailoni ya dukani. Akaamuru tangi lisogezwe dirishani, wapita njia walione.

"Mwanangu, jua litaleta utando," Bi Samaki akamwambia.

"Mama, kwani samaki wa mtoni wamejengewa paa la kuwakinga jua?"

Ofisi nzima ikacheka. Kicheko cha bosi kinaambukiza kuliko mafua.

Wiki ya tatu kioo kilikuwa kijani tupu, na Ijumaa hiyo wenye zahanati wangekuja kukagua.

"Lirudi kivulini, taa izimwe siku tatu, chakula kipungue, nami nibadilishe maji robo robo. Nipe wiki mbili tu, baba."

"Nina siku mbili."

Jumatano jioni meneja akaja na chupa ya dawa ya kuua mwani. Maelezo yalisema kifuniko kimoja. Akamimina kimoja, akamimina cha pili. Alipotaka kumimina cha tatu, Bi Samaki akamshika mkono. Mfagiaji, kumshika meneja mkono!

"Mwani wote ukifa kwa mpigo utaoza, utakula hewa ya majini. Watakosa pumzi hawa!"

"Mama, shika fagio."

Akashika fagio.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa meupe, meupe kweli, na samaki sita wanaelea ubavu. Yule wa kitambi bado alikuwa akitweta. Bi Samaki akamtia kwenye ndoo ya maji safi, akawa anachota kwa kikombe na kumwaga kutoka juu, kuyatia hewa, mpaka bega likafa ganzi. Saa sita mchana samaki naye akafa.

Ijumaa mgeni mkubwa, mmoja wa wenye zahanati, akainama mbele ya kioo. "Maji safi sana! Samaki wenyewe wako wapi?"

"Wamejificha kwenye majani," meneja akasema, huku akimkazia Bi Samaki macho.

Bi Samaki alijua kunyamaza ndiko kunakolinda ugali. Mdomo ukamshinda. "Hawajajificha, baba. Nimewazika nyuma ya jengo, saba. Dawa ilizidi."

Mgeni akacheka. "Basi nunueni wengine," akasema, akapita kwenda kuona kiti kipya cha kung'olea meno.

Jumatatu wakaletwa samaki kumi, na amri: Bi Samaki asiliguse tangi, kazi yake sasa ni vyoo.

Dada wa mapokezi akamnong'oneza, "Bi Samaki, hawa wanakula mara ngapi?"

"Muulize mwenye shahada."

Akabeba ndoo. Alipofika mlangoni akageuka, uso umemkauka.

"Mara moja kwa siku, kiasi cha ncha ya kidole. Na wakikuuliza, mimi sijakwambia kitu."