Aliyepiga Hachemshi Maji

Watu wakisikia kwamba nina bunduki tatu za vita vya zamani, huuliza kama zilikuwa za mume wangu au za kaka yangu. Hazikuwa za mume wala za kaka. Zilikuwa za baba, sasa ni zangu, na anayetaka kununa na anune.

Baba alirudi kijijini kwetu Samuye katika miaka ya sitini, mgodi wa dhahabu alikokuwa mlinzi kule Geita ulipofungwa. Wenzake walirudi na baiskeli na redio. Yeye alirudi na bunduki kuukuu ya Mjerumani, na baadaye akaongeza ya Mwingereza na ya Mbelgiji, zote kwa leseni, zote zimekwisha pigana vita kabla sijazaliwa. Mama alisema mwanamume mwenye akili angenunua ng'ombe. Baba alijibu kwamba ng'ombe hufa.

Jumapili, tukitoka kanisani, aliweka kibuyu kibovu mbele ya kichuguu nyuma ya zizi, akapiga. Risasi zake zilikuwa za zamani kama bunduki zenyewe, na zilipolipuka ziliacha ndani ya mtutu chumvi inayokula chuma. Kwa hiyo ukishapiga tu, lazima mtutu umiminiwe maji yanayochemka, ukaushwe, upakwe mafuta ya cherehani. Baba alikuwa na sheria moja: aliyepiga hachemshi maji. Akipiga yeye, nachemsha mimi. Bega langu lilipokomaa kiasi cha kuhimili kitako, nilianza kupiga, na baba, mtu mzima anayeamkiwa na kijiji kizima, akachuchumaa mbele ya mafiga akipuliza moto. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

"Ng'wanone, mwanangu," aliniambia, "macho kwenye shabaha. Hao hawana bunduki."

Alifariki miaka ya sabini ikielekea mwisho. Polisi mjini walitwambia wazi: matanga yakiisha, ukoo upeleke mtu mmoja anayejua kuzitumia, leseni iandikwe kwa jina lake. Asipopatikana, bunduki zitachukuliwa. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, hakungoja hata tuanue matanga. Alizibeba zote tatu mpaka kwake Tinde.

"Silaha ya marehemu hairithiwi na binti," alisema.

Baba mdogo alikuwa hodari wa mengi, hasa wa kula, lakini sikuwahi kumwona akipiga bunduki. Wala hakujua kwamba baba hakuihifadhi bunduki na bolti yake, kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma na kusukuma mbele ili risasi iingie. Bolti zote alizifukia ndani ya mtama ghalani, na mchota mtama nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Baba mdogo alikuwa amebeba magongo matatu.

Alirudi nazo begani, akifoka. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Bolti ziko wapi?"

"Zipo, baba mdogo. Lakini sitoi."

"Unawanyima wazee wako?"

"Namnyima asiyezijua. Uitwe ukoo. Wewe uchague bolti, uitie kwenye bunduki yake, upige kibuyu. Ukipata, nitakufungia mzigo mwenyewe. Ukishindwa nikapata mimi, ni zangu."

Ukoo ulikuja wote, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukosa kuniona nikiaibika. Nilizipanga bolti kwenye ungo. Nikikosa, nitampoteza baba mara ya pili, tena mbele ya watu.

Baba mdogo akaokota bolti ya Mbelgiji, akaisokomeza kwenye bunduki ya Mjerumani. Ikaingia nusu, ikakwama. Akaigonga kwa kiganja. Ikagoma. Akaomba jiwe.

"Jiwe?" nilipiga kelele. "Baba aliisugua miaka yote hii ili wewe uipige jiwe?"

Nikamnyang'anya. Adabu niliyofunzwa ilinitoka yote, na sikuiita irudi. Niliitoa ile bolti pole pole, nikatia ya Mjerumani yenyewe, ikateleza ikajifunga. Kisha nikalala kifudifudi mavumbini na kanga zangu za msiba.

"Mwanamke halali hivyo mbele za watu," alisema mzee mmoja.

Nikavuta pumzi, nikapiga. Kibuyu kikasambaratika. Shangazi akapiga kigelegele, halafu akakumbuka tuko msibani, akajiziba mdomo.

Baba mdogo alikuwa bado na neno. "Haya, umepata," alisema. "Lakini bunduki hii haitunzwi na mtu mmoja. Nani atamchemshia mwanamke maji?"

Baadhi ya wazee wakaguna kukubali. Mtutu ulikuwa wa moto mikononi mwangu, na ile chumvi haingoji watu wamalize baraza.

"Aliyepiga hachemshi," nilimjibu. "Ndiyo sheria ya kaka yako. Sufuria ile pale, baba mdogo, na kuni zipo."

Akawatazama wazee. Wazee wakatazama kichuguu. Basi akakunja suruali, akachuchumaa mbele ya mafiga, akaanza kupuliza. Machozi yakamtoka. Labda ni moshi, labda alikuwa anamlilia kaka yake, sikumuuliza. Niliketi kwenye kigoda cha baba, bunduki mapajani, nikangoja maji yachemke.